Kioo cha Bei na Jozi ya Maksai

Kuna neno moja ambalo wapiga picha wa siku hizi wamelishika kwa mikono miwili, nalo ni hili: mwili wa kamera hufa, kioo hudumu, kwa hiyo mtu mwenye akili hana budi kutoa fedha zake katika kioo, hata kama fedha zenyewe ni za kukopa. Nimelisikia neno hilo Mwanza, nimelisikia Shinyanga mjini, na mwaka huu nimelisikia Songwa, katika ua wa dada yangu mjane, kinywani mwa mpwa wangu. Kijana huyo alikuwa akiomba maksai wawili wa kulimia wauzwe ili apate kununua lenzi. Neno hilo lilipokuwa mbali nililiacha lipite. Lilipofika karibu na maksai niliona kuwa kunyamaza ni kosa, na makala haya ndiyo majibu yangu. Namjibu mpwa wangu, lakini wenzake walio na wazo kama lake ni wengi, kwa hiyo nasema nao wote pamoja.

Yafaa nieleze mahali na mtu kabla ya kueleza kitu. Songwa iko katika wilaya ya Kishapu, mkoa wa Shinyanga, jirani na mgodi wa almasi wa Mwadui. Watu wake hulima pamba, mtama na dengu, nao hufuga. Mwenye jozi ya maksai na plau hulima shamba lake mvua ya kwanza ikinyesha, akalima na la jirani kwa malipo. Asiye nayo hungoja zamu, na zamu yake aghalabu huja mvua imekwisha kwenda zake. Mpwa wangu amepanga chumba kimoja Maganzo, kando ya barabara kuu iendayo Mwanza. Humo hupiga picha za pasipoti na za vitambulisho. Siku za Jumamosi hufuata harusi. Na mara kwa mara husafiri mpaka Geita, maana mchimbaji wa dhahabu aliyepata hasiti kulipa. Ni kijana mwenye bidii, mpole kwa wateja, na picha zake ni nzuri. Sibishani na kazi yake wala na ndoto yake. Nabishana na hesabu yake.

Kitu chenyewe ni lenzi ambayo wapiga picha huiita ya kawaida, yaani ya urefu wa milimita 50, isiyovuta karibu wala kusukuma mbali. Inaitwa ya kawaida kwa sababu mambo yaonekanayo ndani yake hayakuzwi mno wala hayapunguzwi mno. Mtu hutokea katika picha kama tulivyozoea kumwona. Katika picha ya milimita 24 kwa 36 lenzi hii hukusanya nyuzi 47 hivi, kutoka pembe moja hadi pembe ya kukabili. Historia yake ni ya heshima. Mjerumani Paul Rudolph alibuni lenzi iitwayo Planar mwaka 1896, na mpango wake wa vioo ni babu wa lenzi nyingi za milimita 50 za leo. Mwaka 1925 kamera ndogo ya Leica, kazi ya Oskar Barnack, iliingia sokoni na lenzi ya milimita 50 iliyopigiwa hesabu na Max Berek. Mfaransa Henri Cartier-Bresson, ambaye jina lake hutajwa kila wanapotajwa mabingwa wa picha, alifanya sehemu kubwa ya kazi yake kwa lenzi ya urefu huo. Basi mpwa wangu hakosei kupenda milimita 50. Yeyote mwenye lenzi moja tu, na iwe hiyo.

Lakini milimita 50 zina matabaka. Nachukua mfano wa kampuni moja tu, Canon, kwa kuwa kamera ya kijana ni ya kampuni hiyo. Mwaka 2018 ilitoa lenzi ya milimita 50 yenye uwazi wa f/1.2, bei yake ilipotoka ilikuwa dola 2,299. Mwaka 2020 ikatoa nyingine ya milimita 50 hizo hizo, yenye uwazi wa f/1.8, kwa dola 200 hivi. Ya kwanza ina vipande 15 vya kioo na uzito wa gramu 950. Ya pili ina vipande 6 na uzito wa gramu 160. Tukihesabu dola moja kwa shilingi 2,500, ya kwanza ni shilingi milioni 5 na laki 7 na zaidi, kabla ya nauli na ushuru. Ya pili ni shilingi laki 5. Kwa bei ya lenzi moja kubwa mtu angeweza kununua ndogo kumi na moja.

Sasa tuulize hizo mara kumi na moja zimelipia nini. Uwazi wa lenzi ni tundu linaloingiza mwanga, na wapiga picha huupima kwa namba ambazo kadiri zinavyopungua ndivyo tundu linavyopanuka. Lenzi ya f/1.2 huingiza mwanga mara mbili na robo ya ile ya f/1.8. Hiyo ndiyo tofauti kubwa kupita zote, na hesabu yake haina siri: gawanya 1.8 kwa 1.2, kisha zidisha jawabu kwa jawabu lenyewe. Mnunuzi amelipa mara kumi na moja, akapewa mwanga mara mbili na robo. Kwa haki lazima niongeze kwamba amepewa pia mambo mengine: picha iliyo kali hadi pembeni tundu likiwa wazi kabisa, na mpira wa kuzuia vumbi na maji, jambo ambalo katika nchi ya vumbi kama yetu si dogo. Sifichi sifa za kitu ninachokipinga. Nasema tu kwamba sifa hizo ziwekwe katika mizani pamoja na bei, na mizani yenyewe iwekwe Songwa, isiwekwe London.

Tuanze na jua. Wapiga picha wana kanuni ya tangu zama za filamu: jua likiwa kali na tundu likiwa f/16, filamu ya wepesi wa 100 hutaka mlango wa kamera ufunguke kwa sehemu ya 100 ya sekunde. Songwa iko nyuzi tatu na nusu hivi kusini ya ikweta. Jua letu la saa sita halihitaji kuelezwa. Mtu akilifungua tundu lake la f/1.2 chini ya jua hilo, mwanga uingiao ni mara 178 ya ule wa f/16, na mlango utapaswa kufunguka na kufungwa katika sehemu ya 17,800 ya sekunde. Mlango wa mashine katika kamera nyingi zilizo bora hukoma kwenye sehemu ya 8,000, na katika nyingi za bei nafuu hukoma kwenye sehemu ya 4,000. Maana yake ni kwamba mchana kweupe, saa ambazo sherehe zetu nyingi hufanyika, tundu lile lililonunuliwa kwa maksai halina budi kufungwa. Kijana alinijibu kuwa kuna kioo cheusi cha kufunika lenzi. Ndiyo, kipo. Amelipa mamilioni ili auingize mwanga, kisha anunue kioo kingine ili auzuie!

Na tundu likiisha kufungwa hadi f/5.6 au f/8, lenzi hizi mbili hukaribiana hata mtu anayetazama picha ya karatasi asiweze kuzitenganisha. Picha wanayoitaka wateja wa Maganzo ni ya sentimita 10 kwa 15. Ikichapwa kwa ukali unaokubalika na wachapaji, yaani nukta 300 kwa kila inchi, hutumia nukta milioni 2 na kidogo. Kamera ya kijana hutoa nukta milioni 20 na zaidi. Lenzi ya laki 5 hujaza karatasi hiyo pasipo shida yoyote. Ukali wa ziada unaonunuliwa kwa milioni 5 hauna mahali pa kukaa.

Mpenda lenzi kubwa atasema: achana na jua, tuje usiku. Hapa nampa haki yake. Harusi huendelea hadi usiku. Ukumbi una taa chache za rangi. Na kumulika watu kwa taa kali ya kamera huondoa uzuri wa usiku. Mwanga mara mbili na robo ni msaada wa kweli katika giza. Lakini kila kitu kina gharama yake, na tundu pana lina gharama isiyoandikwa dukani. Tundu likipanuka, sehemu ya picha iliyo kali hupungua kina. Mtu akisimama mita 2 mbele ya lenzi ya milimita 50 iliyofunguliwa f/1.2, kina hicho ni sentimita 11 au 12 tu. Kwa f/1.8 ni sentimita 17 hivi. Bibi arusi akiwa mbele kwa hatua moja na bwana arusi nyuma yake, mmoja wao atakuwa mtu na mwingine atakuwa ukungu. Mkisogea hadi mita moja, sentimita zabaki 3: jicho limo, sikio halimo. Je, harusi zetu ni za mtu mmoja? Katika Usukuma mtu hapigwi picha peke yake siku kama hiyo. Husimama mbele, na nyuma yake husimama shangazi, wajomba, majirani na watoto wasioitwa. Picha ya namna hiyo, iwe mchana au usiku, hutaka tundu lililofungwa na mwanga wa taa iliyowekwa kwa akili. Taa na mwavuli wake vitamfaa kijana usiku kuliko kioo kile, navyo si vya kuuziwa maksai.

Nimefika sasa penye kiini cha ubishi wetu. Ukimwuliza kijana kwa upole, akiwa hajajiandaa kujibu, atakiri kwamba haununui mwanga. Ananunua ukungu. Wajapani wana neno lake, boke, nalo limeenea duniani pote: ule ukungu laini unaofunika vitu vilivyo nyuma ya mtu, uso wake ukabaki peke yake mbele. Ni mzuri, sikatai. Lakini tujiulize umetoka wapi na kwa nini umependwa. Umependwa na watu ambao nyuma yao kuna magari, nguzo, matangazo ya biashara na watu wasiowajua. Mtu wa mji mkubwa akipigwa picha, nyuma yake hakuna chake. Kufuta nyuma hakumpotezei kitu. Nyuma ya mtu wa Songwa kuna nini? Kuna nyumba aliyoijenga, ng'ombe aliowafuga, shamba alilolima, mama yake mzazi amekaa kivulini. Kufuta hayo ni kufuta nusu ya habari, na kumtoza mteja kwa kazi ya kufuta.

Nitatoa mfano ambao mpwa wangu anaujua. Marehemu baba yake, shemeji yangu, aliacha picha moja tu iliyo nzuri. Ilipigwa na mpiga picha wa kupita, kwa kamera ndogo ya filamu, mchana. Amesimama amevaa koti lisilo lake. Nyuma yake yaonekana nyumba ya nyasi ambayo leo haipo, mkwaju ulioanguka kwa upepo, na ng'ombe jike mwenye pembe moja iliyokatika. Vyote ni vikali, kutoka kiatu cha shemeji hadi jani la mkwaju. Dada yangu akiwatolea wageni picha hiyo haanzi na uso. Huanza na mkwaju, akaeleza nani alizaliwa kivulini mwake. Huja kwenye nyumba, akaeleza mwaka ilipojengwa. Kisha huweka kidole juu ya ng'ombe na kusema kwamba maksai walio zizini sasa ni wajukuu wa huyu. Mwishoni ndipo humfikia marehemu, naye huwa amekwisha kumweleza. Kama mpiga picha yule angekuwa na lenzi ya mpwa wangu, na kama angeipenda kama mpwa wangu anavyoipenda, tungekuwa na uso mmoja mzuri katikati ya wingu. Mpwa wangu anataka kuwauza wajukuu wa ng'ombe yule ili anunue kioo ambacho kingemfuta bibi yao.

Kuna mfano mwingine ulio mkubwa kuliko wa nyumba yetu. Unguja, Ranchhod Oza alifungua studio ya Capital Art mwaka 1930, na picha zilizotoka humo kwa miongo mingi ni hazina ya mji ule. Watu wazitazamao leo hutafuta sura, nguo, vilemba, milango na mitaa. Sijamsikia hata mmoja akiuliza tundu la lenzi lilikuwa f ngapi. Lenzi ile ya kwanza ya Leica niliyoitaja haikufunguka kupita f/3.5. Lenzi ya laki 5 ambayo kijana anaiona haba huingiza mwanga zaidi ya mara tatu na nusu kuliko hiyo.

Nirudi sasa kwa lile neno la kioo kudumu. Zamani lilikuwa kweli nusu, na leo limebaki kweli robo. Kioo chenyewe hakiozi, nakubali, kikilindwa na ukungu wa unyevu. Lakini lenzi haishiki hewani. Hushika kamera kwa pete, na pete hubadilika watakapo watengenezaji. Canon ilibadili pete yake mwaka 1987, na lenzi za zamani za kampuni hiyo hiyo hazikuingia katika kamera mpya. Ikaibadili tena mwaka 2018. Nikon, iliyoshikilia pete moja tangu 1959, nayo ilileta nyingine mwaka huo huo wa 2018. Ni kweli kwamba lenzi za pete iliyotangulia huweza kutumika kwa kiungo cha katikati, na nyingi hufanya kazi vizuri. Lakini pete mpya ikija, wanunuzi huigeukia, na ya zamani huteremka bei hata iwe nzuri namna gani. Tena lenzi za leo zina mota na nyaya ndani yake. Kikiharibika kitu humo, kioo kitadumu kweli, lakini kitadumu kabatini. Kioo hudumu, thamani yake sokoni haidumu. Maksai, wao, hulima kila mwaka, na mwenye maksai hahitaji kiungo.

Hoja nyingine niliyopewa ni ya heshima. Nimeambiwa kuwa mteja akiona lenzi nene kama kikombe cha uji humheshimu mpiga picha, akalipa bila kubishana. Sikanushi kuwa watu hutazama. Lakini heshima ya namna hiyo ni ya kuazima, na huisha siku picha zinapokabidhiwa. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Tuipige hesabu yake: tufanye faida safi ya kila picha ya pasipoti ni shilingi 1,000. Tofauti ya bei ya lenzi hizi mbili ni shilingi milioni 5 na robo hivi. Huyo kijana itampasa awaketishe watu 5,250 kitini ili airudishe tofauti hiyo tu, pasipo kula, pasipo kodi ya chumba, pasipo mama yake kulima. Na katika watu hao wote, hakuna hata mmoja ambaye picha yake ya kitambulisho itakuwa imetaka f/1.2.

Nimeiacha nyuma hoja iliyo nzito kupita zote, kwa sababu ndiyo iliyoniuma. Mpwa wangu alisema: "Mjomba, kila kilicho bora ni cha wengine. Sisi wa Songwa twaambiwa turidhike. Almasi inatoka hapa, inakwenda. Sisi twabaki na mashimo. Nikitaka kitu kimoja kilicho bora, mnaniambia cha bei ndogo chanitosha." Sikumjibu papo hapo, maana alikuwa amesema kweli juu ya almasi. Mkanada John Williamson aligundua Mwadui mwaka 1940, na mwaka 1947 likapatikana jiwe la rangi ya waridi la karati 54.5, ambalo alimpa Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza, kwa ajili ya harusi yake. Wengi wetu twaijua habari hiyo, na wengi twaisimulia kwa fahari iliyochanganyika na uchungu.

Lakini habari ya jiwe hilo ina sehemu ya pili. Lilipofika London kwa wakataji wake liliondolewa zaidi ya nusu. Likabaki karati 23.6. Hakuna aliyelia kuwa jiwe limepunguzwa. Lilikuwa zito zaidi lilipotoka ardhini, na lilikuwa la thamani zaidi lilipopungua, kwa sababu mtu mwenye maarifa alijua apunguze nini. Dalali wa Maganzo naye ana lenzi yake, kile kioo kidogo cha jicho kinachokuza mara kumi. Tajiri wa Ulaya hutumia cha kukuza mara kumi vile vile, maana ndicho kipimo cha biashara hiyo dunia nzima. Tofauti baina yao haimo katika kioo; imo katika mawe mangapi kila mmoja amekwisha kuyaona. Hilo ndilo jibu langu. Kilichochukuliwa kwetu hakirudi kwa kununua kitu kilichotengenezwa huko huko almasi ilikokwenda, kwa bei waliyoipanga wao, kwa fedha za maksai wetu. Shimo la Mwadui halizibwi kwa kioo. Ubora ambao hakuna awezaye kuuchukua ni wa jicho na mkono: kujua saa kumi na moja jioni mwanga unakaaje katika ua wa Songwa, kujua uso mweusi hung'aa upande gani ukigeuzwa kuelekea mlango, kujua kumngoja bibi mpaka acheke. Na lenzi ndogo si ya kuonewa haya. Ni lenzi nzima, na mizizi yake ni ya 1896.

Je, nasema lenzi kubwa haifai kwa mtu yeyote? La. Nasema ina mtu wake, na mtu huyo hujulikana kwa dalili. Kamera za leo huandika ndani ya kila picha uwazi uliotumika na mwendo wa mlango. Basi mwenye tamaa ya lenzi na atoe picha zake za mwaka mmoja, azitazame moja moja. Ajiulize: zilizoharibika ziliharibiwa na nini? Kama nyingi ziliharibiwa na giza tu, wakati tundu la f/1.8 lilikuwa limefunguliwa kabisa na taa haikuruhusiwa, na kama wateja wa usiku wamelipa kiasi cha kutosha kununua lenzi kwa faida iliyo mkononi, basi na ainunue, nami nitampongeza. Tulikaa na mpwa wangu jioni mbili tukafanya hivyo. Chache mno ziliharibiwa na giza. Nyingi zilitikiswa na mkono. Nyingine mtu alifumba macho. Nyingine mpiga picha alisimama mbali kwa haya. Hakuna katika makosa hayo hata moja linalotibiwa na f/1.2, na yote yanatibika bila senti.

Hivi ndivyo ningependa ifanyike. Maksai wabaki zizini na walime mvua hii. Pamba ikiuzwa, kijana anunue lenzi ya laki 5. Kitakachopatikana baada ya hapo kiende katika taa, katika kifaa cha kutunzia picha zisipotee simu inapoanguka, na zaidi ya yote katika karatasi, maana picha isiyochapwa haina mtu wa kuiweka kidole. Ikija harusi ya usiku yenye malipo makubwa, na azime au akodi lenzi kubwa kwa aliye nayo, airudishe kesho yake. Akifanya hivyo miaka mitatu, na bado jicho lake likadai zaidi ya kioo alicho nacho, aje kwangu, nitamchangia.

Hayo ni maoni yangu, na atakayeyapinga kwa hesabu nitamsikiliza. Baraza la ukoo litakaa kabla ya mvua kuanza. Nitasema niliyoyaandika hapa, na kijana atasema yake, kwa kuwa ana haki ya kusema. Lakini mimi ni mjomba tu, na yeye ni mtoto tu. Maksai ni wa dada yangu, na neno la mwisho ni lake.